Leseni Inakufa na Mwenyewe

Siku ya kugawa vitu vya marehemu Melkiori, kwenye fleti yao ya Overport, tulikuwepo hawa. Imakulata, mjane wake, ameketi chini kwenye mkeka. Yustasi, kaka wa Melkiori, baba mmoja mama mmoja, aliyekuja kutoka Johannesburg. Fidelis, mtoto wa mjomba wao, anayekaa Sydenham, mtaa mmoja na mimi. Pasta Enoki, aliyewafungisha ndoa. Mama Zaituni, Mtanzania wa mlango wa pili, Mwislamu, aliyewapikia Wakristo msiba mzima bila kuombwa na mtu. Na mimi, Mama Feza, ambaye pale sikuwa ndugu wa yeyote. Mimi ndiye niliyemuuzia Melkiori bunduki zake.

Hakuna aliyejua asubuhi ile kwamba kilichokuwa kinagawiwa pamoja na makoti na viatu ni haki ya Imakulata na binti zake wawili kuendelea kuishi Durban. Niseme ukweli: mmoja alijua, akasema, akaambiwa arudi jikoni.

Naandika haya kwa ajili yenu, Neema na Bahati, mliobaki kwenye kaunta ya duka la silaha kule Pinetown. Bosi Derek, kwenye chai ya kuniaga, alisema Gogo, yaani bibi, ndivyo anavyoniita, anaondoka na siri zote za kazi. Siri hakuna. Kazi ile ni kitambaa, mafuta, na kufungua macho. Lakini kuna mambo ambayo Derek hatawaambia kwa sababu hayamo katika mambo anayoyaona, basi acheni niyaweke mimi. Shule niliishia darasa la tatu, Uvira. Majina ya watu ndiyo sikuyaacha njiani.

Kazi niliachiwa na dada mmoja anaitwa Furaha. Alikuwa anafagia duka, akapata mume Cape Town, akanipa ndoo yake na anwani. Siku ya kwanza Derek alinitazama kutoka juu hadi chini, akauliza kama naweza kutofautisha bunduki yenye risasi na isiyo nayo. Nikamwambia kule kwetu zote zilikuwa nazo. Yeye hakucheka. Kicheko kilitoka nyuma, kwenye karakana, na ndivyo nilivyomjua Uncle Sunny.

Uncle Sunny alikuwa fundi bunduki, Mhindi wa Durban, mtu mfupi, miwani miwili: mmoja machoni, mwingine kichwani, na kila siku alikuwa anatafuta wa kichwani. Alinitazama wiki kadhaa nikifuta vioo vya makabati. Siku moja akaniita, akanipa kitambaa cha fulana kuukuu na mswaki wa mtoto, akaniwekea mezani kipande kimoja cha chuma, hata sikujua ni cha nini. "Safisha hiki, Mama," akasema. "Ukimaliza usiniambie umemaliza. Safisha tena."

Kanuni yake ya kwanza mnaijua, lakini nairudia kwa kuwa nimewaona mkiifanya kama watu wanaopiga ishara ya msalaba kwa mazoea. Ukipokea bunduki, elekeza mdomo wake mahali pasipo mtu, ifungue, tazama chumba cha risasi, halafu ingiza kidole. Hata kama mwenye nayo amekuapia iko tupu. Hata kama uliifungua mwenyewe, ukageuka kupiga chafya, ukarudi. Kidole tena. Uncle Sunny alisema jicho linaona linachotaka, kidole hakina matumaini.

Ufito wa kusafishia uingizwe upande wa chumba cha risasi kila inapowezekana, usiingie kwa mdomo wa mtutu, maana mdomo ukilika, risasi inakwenda inapotaka yenyewe. Brashi ya shaba isigeuzwe katikati ya mtutu. Mafuta kidogo. Watu wetu wanapaka mafuta bunduki kama wanaikaanga. Na hapa Durban, ambapo hewa ya bahari inakula hata vijiko, bunduki isilazwe ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ngozi inashika unyevu. Weka vipande vya chaki ndani ya sefu, vikae vinakunywa maji ya hewa, ubadilishe vikilowa. Chaki, ile ya ubaoni. Derek anauza vipakiti vya kazi hiyohiyo, na ndiyo maana hajawaambia.

Kuigusa silaha dukani kunataka cheti, mnajua, na cheti kinataka makaratasi ya nchi. Yangu ya kuishi daima nilikuwa nimeyapata baada ya kupanga foleni ambazo sitaziandika hapa. Maswali ya mtihani Uncle Sunny alinisomea kila siku wakati wa chakula, mdomo umejaa mkate, hadi nikayajibu kabla hajamaliza kumeza. Nilipofaulu alisema, "Sasa unaweza kufungwa kihalali." Ilikuwa ndiyo pongezi.

Basi wakaanza kuja watu wetu. Wakongo, Watanzania, Warundi, wale waliokwisha kupata haki ya kukaa. Mmoja alikuwa na shamba la kuku nje ya mji, mwingine alialikwa na jamaa wa kazini kuwinda kanga, mwingine ameibiwa dukani kwake mara nyingi mpaka anawajua wezi kwa sauti. Derek aliponisikia nikizungumza nao, akasema, "Gogo, ongea na watu wako." Hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye ndoo.

Na watu wangu walikuja wote na ugonjwa mmoja: pesa kidogo na macho makubwa. Anataka bunduki ya kuulia nyati na hajawahi kumpiga hata njiwa. Uncle Sunny alinifundisha mpangilio wa mtu mwenye mfuko mwepesi, nami nikauhubiri maisha yangu yote ya kazi. Kwanza sefu. Sefu ya chuma, iliyofungwa kwa bolti ukutani, kwa sababu polisi atakuja kuitazama kabla hujapewa chochote. Mteja anayelalamika kwamba sefu hailipui risasi, mwache aende, si mteja bado. Halafu bunduki ndogo, ile tunayoiita tuutuu, ya mkono wa pili, ya kuvuta kwa bolti, kile chuma cha kufungulia chumba cha risasi. Risasi zake ni rahisi, kwa hiyo ataipiga kweli, atajifunza. Bunduki ghali isiyopigwa ni fimbo. Baada ya hapo bunduki ya marisau, yenye mitutu miwili, mbao zimekwaruzika si neno, ila itikise ukiwa umeifunga: ikilia kama mlango wa choo, iache. Mwisho kabisa, kama bado anataka na sheria inamruhusu, bastola.

Kwenye bunduki kuukuu msitazame mng'aro. Bunduki iliyong'arishwa sana ni kama bi harusi aliyepakwa poda nyingi, kuna kinachofichwa. Wekeni karatasi nyeupe chini ya chumba cha risasi, mtazame mtutu kwa mwanga: ukiona madoa kama ya ndui, bei ishuke au mtu aondoke. Na msimuuzie maskini bunduki ya babu ambayo risasi zake hazipatikani. Ni sawa na kumpa mtu gari la bure lisilo na spea.

Kabla sijafika kwa Melkiori, niwaambie kuhusu Bibi Doreen, Mzungu wa hapohapo Pinetown. Aliingia dukani na kitu kimefungwa kwenye blanketi la mtoto. Mumewe amekufa, bunduki imebaki chumbani, majirani wamemwambia ailete. Uncle Sunny aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto kweli. Akamkalisha yule bibi, akampa chai, akamweleza. Alipoondoka, Uncle Sunny akanigeukia. "Sikiliza, Mama. Leseni inakufa na mwenyewe. Akishazikwa, hakuna mtu nyumbani mwenye haki ya kuishika, hata mke, hata mtoto. Inakuja dukani, inalala kwetu, mpaka mrithi apate leseni yake mwenyewe au iuzwe. Wasipojua hivyo, kosa analibeba aliyebaki nyumbani."

Sasa Melkiori. Mrundi wa Rumonge, mrefu, mikono myeusi kwa mpira, maana alikuwa na kibanda cha kuziba matairi karibu na rank ya teksi, kituo cha daladala, Pinetown. Mwenye shamba mmoja wa miwa, aliyemzibia matairi ya trekta kwa miaka, alikuwa anamwalika kuwinda nguruwe pori wanaoharibu shamba. Akaja dukani kwetu Jumamosi na viatu vya kanisani.

"Mama Feza, mi nataka bunduki kama ya yule muzee wa miwa."

"Bunduki ile inakula zaidi ya watoto wako," nikamwambia. "Sefu unayo?"

"Sefu ya nini? Mi siko benki."

"Basi rudi ukiwa benki."

Alicheka, akaenda, Jumamosi iliyofuata akarudi. Alilipa sefu kidogokidogo, lebai, kila wiki anatoa alichopata, bidhaa inabaki dukani mpaka amalize. Ilipofika nyumbani Imakulata alinuna kwa sababu ilikaa palipopaswa kukaa friji mpya. Mwishowe akaifunika kitambaa cha kudarizi, akaweka maua ya plastiki juu. Polisi aliyekuja kukagua alilazimika kuomba maua yaondolewe.

Baada ya sefu, tuutuu. Baada ya tuutuu, marisau yenye mitutu miwili, niliyomtengea mimi mwenyewe, kitako kimepasuka kidogo, Uncle Sunny akakiunga kwa gundi na skrubu ya shaba hata huoni. Bastola ilichukua muda mrefu zaidi. Aliipata baada ya kuvamiwa kibandani na kupigwa na spana zake mwenyewe. Ilikuwa ya gurudumu la kuzungusha risasi, imetumika, nzito, nzuri. Kwa miaka yote hiyo mtu yule hakuruka hatua hata moja. Leseni kila moja. Chaki anabadilisha. Nilikuwa nikiwaambia wateja wengine: nendeni mkamwone Melkiori wa matairi, muone mtu maskini anavyokusanya bunduki.

Akafa kwa presha, mchana, kibandani, jeki mkononi. Hakuna aliyempiga. Mtu amejilinda dhidi ya dunia nzima, akasahau chumvi.

Siku ya pili ya msiba nilimvuta Imakulata kando, chumbani, nikamweleza kama Uncle Sunny alivyonieleza. Nikamwambia Uncle Sunny anaweza kuja na bakki, ile pikapu yake, na makaratasi ya duka, azichukue bunduki zote, ampe risiti, alale.

"Mama Feza, naelewa," akasema. "Lakini wakiona vitu vya mume wangu vinatoka mlangoni na Mhindi kabla kaka yake hajafika, watasema nini? Watasema nimeanza kuuza na kitanda bado cha moto. Tungoje Yustasi afike. Ni siku chache tu."

Msimhukumu. Kwenu ninyi mliozaliwa hapa ni rahisi. Kwetu mjane anayegusa kijiko cha marehemu kabla ukoo haujakaa, kijiko hicho kitamfuata mpaka kaburini. Tukangoja Yustasi.

Yustasi alifika na suti, akakaa kwenye kiti cha Melkiori. Siku ya kumaliza matanga wakatoa nguo. Koti la manyoya kwa huyu, viatu kwa yule, saa ya mkononi kwa Yustasi. Watoto ni wa kike, wakasema, kwa hiyo vitu vya kiume viende kwa wanaume wa ukoo. Mimi na Mama Zaituni tulikuwa jikoni na masufuria. Nikasikia ufunguo. Ukishafanya kazi kwetu, mlio wa mlango wa sefu huukosi hata wakiimba.

Nilitoka na mikono inadondosha maji. Tayari zimelazwa mkekani, zote tatu, kando ya mashati.

"Yustasi, baba," nikasema, "hizo hazigawiwi. Leseni imekufa na mwenyewe. Atakayeondoka nayo hapa, mbele ya sheria ni kama ameiiba."

"Nimeiba ya ndugu yangu?"

"Hata ya baba yako. Na atakayeulizwa ni huyu aliyekaa chini, si wewe."

Fidelis akaangua kicheko. "Mama Feza anaogopa duka litakosa biashara."

"Mama," Yustasi akasema taratibu, "kikao hiki ni cha ukoo. Kule jikoni naona chungu chako kinaungua."

Nikamtazama Pasta Enoki, mtu wa Mungu, aliyesoma, anayejua Kiingereza cha serikali. Pasta akakohoa. "Tuviombee kwanza hivi vitu," akasema. Wakaviombea. Baada ya amina, marisau ikaenda kwa Fidelis, bastola kwa Yustasi, na tuutuu, kwa kuwa kanisa liliwahi kuibiwa spika, ikaenda kwa Pasta Enoki. Mama Zaituni, nyuma yangu, akasema polepole, "Wallahi, hata muadhini wetu hajapewa bunduki."

Haukupita muda mrefu afisa wa polisi akagonga kwa Imakulata. Kijana, Ngcobo jina lake, mpole. Mwenye leseni amefariki, amekuja kuangalia silaha ziko wapi. Imakulata akaondoa maua, akaondoa kitambaa, akafungua. Chaki tu.

Ngcobo alimweleza vizuri, na nilikuwepo kwa sababu Imakulata alinipigia simu nije kumtafsiria. Silaha tatu hazipo. Ndiye mtu mzima pekee wa nyumba. Zikiwa zimefika dukani kufikia Ijumaa, hakuna kesi. Zisipofika, au asiposema ziko kwa nani, kesi ni yake. Na makaratasi yake ya kukaa yalikuwa yanasubiri muhuri, yalitegemea ya Melkiori; mwenye kesi ya silaha hapewi muhuri. Angerudishwa Burundi na mabinti wawili wanaoongea Kizulu na Kiingereza, wasiojua hata njia ya kwenda kisimani kwa bibi yao.

Nikaenda kwa Derek. Akasikiliza, kalamu inagonga meza. "Gogo, wakizileta nitazipokea. Lakini sisi hatuendi kuzitafuta. Si kazi ya duka." Miaka yote watu wangu walipomletea lebai zao Jumamosi hadi Jumamosi, ilikuwa kazi ya duka. Nilitoka. Uncle Sunny alikuwa amesikia. Alivua aproni, akachukua makaratasi yake ya ufundi na funguo za bakki. "Naenda kununua sandwich," akamwambia Derek. "Inaweza kuchelewa." Mwenye karatasi za kupokea silaha nje ya duka alikuwa yeye, cheti changu kilikuwa cha kaunta tu; mimi peke yangu ningebeba bunduki kwenye teksi ningeishia pabaya kuliko Imakulata. Kumbukeni hilo: kurudisha silaha vibaya nako ni kosa.

Pasta Enoki alikuwa ameificha tuutuu nyuma ya ngoma za kanisa, imefungwa joho la kwaya. Joho lilikuwa limefuliwa, halijakauka vizuri. Uncle Sunny alipoifunua, kutu ilikuwa imeanza kwenye bolti, nyekundu kama upele. Alitumbukiza kidole, akatazama, akaifunga.

"Mniombee kwa afisa," Pasta akasema.

"Wewe ndiye mwombaji," nikamjibu.

Kwa Fidelis, marisau haikuhitaji kutafutwa. Aliitundika ukutani juu ya televisheni, kando ya picha ya harusi, ionekane na kila anayepita dirishani. Mke wake, Odeta, ndiye aliyetufungulia, na ndiye aliyepanda kiti kuishusha. Fidelis alibaki kwenye kochi. "Chukueni," akasema, "lakini mumwambie Yustasi mmeichukua kwa nguvu." Uncle Sunny akaifungua: mitutu yote miwili ilikuwa na risasi. Televisheni chini yake inaonyesha katuni, watoto wamelala kifudifudi kwenye zulia. Ile siku ndiyo nilimwona Uncle Sunny akikaa chini bila kualikwa.

Ikabaki bastola. Imakulata akampigia Yustasi, simu iko juu ya meza, sauti wazi, tunasikia sote, Mama Zaituni pia.

"Shemeji, nakuomba. Mpelekee polisi wa huko, au uirudishe. Ijumaa iko karibu."

"Bastola iko salama."

"Si salama kwangu. Watanifukuza na watoto."

"Imakulata, wewe ni mke wa ukoo wetu. Nyumba ile haiwezi kukaa bila mwanaume. Ukinipokea kama inavyotakiwa, nitakuja Durban, na bastola itarudi pamoja na mimi. Itarudi kwenye sefu yake. Na mimi nitakuwa kwenye kiti cha ndugu yangu."

"Na nikikataa?"

"Basi waambie polisi imepotea. Vitu vinapotea."

Mama Zaituni alinyoosha mkono akaikata ile simu. "Huyu," akasema, "hata kutongoza hajui."

Hatukucheka. Imakulata aliondoka pale akaenda kusuka nywele za binti mkubwa, Bella, zilizokuwa zimeshasukwa. Alizifumua, akasuka upya. Pasta Enoki alikuja Alhamisi akamshauri asubiri, aombe, asimpeleke ndugu kwa watu wa mataifa, ukoo utakaa tena. Imakulata akamuuliza, "Pasta, ukoo utakaa kabla ya Ijumaa?" Pasta akasema mambo ya Mungu hayana haraka.

Ijumaa asubuhi alivaa gauni lake la kilio, tukapanda teksi mpaka kituoni, mimi na yeye. Kwenye robot ya mwisho, teksi imesimamishwa na taa nyekundu, akaniambia, "Mama Feza, usiseme wewe. Nitasema mimi. Wasije wakasema ulinisemea." Na alisema. Jina la Yustasi, mtaa anaokaa, rangi ya gari lake. Alisema kwa Kiingereza chake cha sokoni, polepole, kila neno kama anaweka sufuria ya moto chini. Ngcobo aliandika, akapiga simu Johannesburg. Walimkuta nayo ndani ya gari, chini ya kiti, imevaa soksi.

Yustasi alifungwa, na baada ya kufungwa akarudishwa kwao, maana makaratasi yake nayo hayakuwa kitu. Imakulata alipata muhuri wake. Mabinti wanasoma. Hiyo ndiyo habari njema, na nimeiandika kwa mistari miwili kwa sababu ndivyo ilivyo ndefu.

Mingine ni hii. Ukoo ulikaa, haraka sana sasa, ukamtoa Imakulata. Kanisani benchi lake likawa la kwake peke yake. Pasta Enoki alihubiri juu ya wanaouza ndugu zao, na bunduki iliyopata kutu kwenye joho lake haikuingia katika mahubiri. Bella alipougua, aliyekwenda hospitali na chakula ni Mama Zaituni. Na watu wangu wakaacha kuja dukani. Walisema Mama Feza anakuuzia bunduki leo, kesho anakuletea polisi. Derek alihesabu Jumamosi zake zilizokuwa tupu, akaniita. "Gogo, umechoka," akasema. Sikuwa nimechoka. Kwenye chai ya kuniaga kulikuwa na keki.

Uncle Sunny aliacha kazi kabla yangu kidogo, macho yalimshinda. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuitoa kutu ile ya tuutuu kwa sufi laini ya chuma na mafuta, kidogokidogo, mpaka bolti ikateleza. Mimi ndiye niliyeiuza tuutuu ya Melkiori kwa niaba ya Imakulata, kwa kijana anayeanza kukusanya, ambaye aliuliza kama mwenye nayo wa kwanza aliitunza. Nikamwambia aliitunza. Akauliza kwa nini basi anaiuza.

Neema, Bahati: mteja akija kununua ya kwanza, aje na mkewe. Mkalisheni mke kitini, si mlangoni na watoto. Mwambieni yeye, kwa Kiswahili anachokielewa, siku huyu akifa usingoje mtu yeyote, piga simu duka. Wanaume watachukia, watasema mnawatabiria kifo. Wachukie. Derek atasema mnachelewesha foleni.

Mjini wanasema Imakulata alimuuza shemeji yake apate kukaa Durban. Mimi nimeandika nilichokiona na nilichokisikia, na kila mtu nimemtaja kwa jina alilopewa na mama yake. Nina umri, inawezekana aina ya koti nimeikosea, au nani alikuwa amekaa upande gani wa mkeka, au kama Pasta alikohoa kabla ya kusema au baada. Aliyekuwepo na anakumbuka vingine, anisahihishe, bado nakaa Sydenham na mlango haufungwi mchana. Ila asije kwangu moja kwa moja. Apitie Overport kwanza, agonge kwa Imakulata, aingie, akae, ayaseme hayo mbele yake.